Shajara ya mradi: Kujihami bila kuonywa

Januari, mwanzo wa mwezi

Mradi huu umezaliwa na mashindano ya ndondi ya Disemba. Vijana wetu wawili walipoteza mapambano waliyokuwa wakiyamudu, na wala hawakupiga chini ya mshipi wala kumtukana mtu. Mmoja aliinama mno. Wa pili alikumbatia, akaonywa, akakumbatia tena. Yaani wote wawili waliangushwa na namna walivyojihami.

Hesabu yake ni chungu. Katika ndondi za ridhaa refa huanza na tahadhari, ambayo haina gharama ya pointi. Ikifuata onyo, husimamisha pambano, huonyesha kosa kwa ishara, na aliyeonywa hukatwa pointi moja. Maonyo matatu katika pambano moja humfuta bondia. Sasa weka hilo ndani ya raundi tatu za dakika tatu, ambapo raundi ya kawaida huisha 10 kwa 9. Onyo moja limekula raundi nzima uliyoitolea jasho.

Lengo ni kwamba kufikia mwisho wa Aprili kila bondia wa ukumbi wetu aweze kujihami pambano zima bila refa kupata sababu ya kumnyooshea kidole. Kocha mkuu, ambaye sote twamwita Maalim, amekubali kwa sharti moja: maelezo ya mdomo yasizidi muda wa kufunga bendeji mikononi.

Nimeanza kwa kuorodhesha yale ambayo kanuni zinayahesabu kuwa makosa upande wa kujihami, maana vijana wengi wanadhani makosa ni ya anayepiga tu. Kuinama chini ya mshipi wa mpinzani kwa namna ya hatari. Kumpa mgongo. Kukimbia, au kujiangusha kusudi ili ngumi ipite. Kujifunika kwa mikono yote miwili bila kujibu chochote. Kumkumbatia mpinzani, kumfungia mkono au kichwa. Kunyoosha mkono wa mbele na kuuacha pale ili kumziba macho. Kutema kinga ya meno ili upate kupumua. Hili la mwisho liliwachekesha, kisha mmoja akauliza kama inaruhusiwa ikiwa imeanguka kwa bahati mbaya, nikajua ameshalifikiria.

Januari, katikati

Sakafu. Kanuni za zamani ziliruhusu ulingo wenye upande usiopungua mita 4.90 na usiozidi mita 6.10 ndani ya kamba. Ukumbi wetu hapa Majengo, Mombasa, tukitoa mabenchi na kuyasogeza magunia ya kupigia ukutani, unakubali 4.90 na njia ya mtu kupita akijibana. Tumechora mraba kwa rangi ile ya kuchorea barabara, kwa kuwa rangi ya kawaida ilibanduka kwa jasho na chumvi kabla juma halijaisha. Ndani ya mraba mkubwa tumechora wa pili, hatua moja kutoka ukingoni.

Mraba wa ndani ndio wenye kazi. Bondia anayejihami kisigino kikitoka nje ya mstari huo, aliyeko konani anapiga kofi moja. Hapigi kelele wala hatoi maelezo. Kijana anatakiwa ajue kwa sikio kwamba nafasi nyuma yake imekwisha, kwa sababu makosa mengi ya kujihami huanzia hapo. Akiwa katikati ana pande zote za kwendea. Akifika kwenye kamba zinabaki njia mbili, na asipozijua atainama, atakumbatia au atageuka.

Kamba za kweli ziko upande mmoja tu. Ni nne, sentimita 40, 70, 100 na 130 kutoka chini kama inavyotakiwa, kamba chakavu za mashua tulizozipata kwa bei ya kutupa, tukazivika turubai zisichubue mgongo. Zimetusaidia kufundisha jambo ambalo sakafu haiwezi: bondia aliyepigwa akabaki ananing'inia kwenye kamba hajiwezi, au nusu yake ikatoka nje, anahesabiwa kuwa ameanguka hata kama magoti hayajagusa chini. Na anayeshika kamba ili apige au akwepe, hilo ni kosa lake peke yake.

Februari, mwanzo

Ugwe. Zoezi la kupita chini ya ugwe ni la zamani na kila ukumbi nilioupitia unalo: unafungwa ukuta hadi ukuta kwenye kimo cha bega, bondia anapita chini yake kushoto na kulia huku akisonga mbele. Sisi tumeongeza ugwe wa pili, chini ya ule, kwenye kimo cha mshipi wa mpinzani. Kichwa kipite chini ya ule wa juu na kisifike kwenye ule wa chini. Vijana wenyewe wameliita dirisha.

Tulipoanza kupima, likajitokeza jambo ambalo sikuwa nimelisikia likisemwa na kocha yeyote. Kanuni inataja mshipi wa mpinzani, haitaji wako. Tukamsimamisha mrefu wetu mbele ya yule mfupi wa Kongowea. Mshipi wa mrefu ulikuja karibu na chembe cha moyo cha mfupi. Maana yake mfupi ana dirisha jembamba mno: akishuka kidogo tu ameshaingia eneo la hatari. Mrefu naye, akipigana na mfupi, anaweza kuporomoka kwa raha zake na bado yuko juu ya mshipi wa mwenzake. Na sisi siku zote twawaambia wafupi, "We mfupi, pita chini!" Twawapeleka moja kwa moja kwenye tahadhari.

Tumebadilisha zoezi. Wafupi wanashuka kidogo, kisha wanatoka kwa mguu kwenda pembeni. Kichwa kinafanya kazi ndogo, mguu unafanya kubwa. Mfupi wa Kongowea amelichukia zoezi hili kwa sababu magoti yanamuuma, lakini jana amemzunguka mrefu mara kadhaa bila kuguswa.

Kuna pia suala la kushuka kwa kiuno na kushuka kwa magoti. Anayekunja kiuno anatanguliza paji la uso, macho yanaangalia sakafu, na kisogo chake kinabaki wazi. Hapo mambo mabaya mawili yanaweza kutokea kwa pamoja, kichwa chake kumgonga mwenzake na ngumi ya mwenzake kutua kisogoni. Kupiga kisogo ni kosa la anayepiga, ni kweli, lakini refa akiona mtu amejitumbukiza kichwa mbele, mara nyingi humwita yeye kwanza. Anayekunja magoti anashuka kimo kilekile na macho yake bado yako kifuani mwa mpinzani. Amri ya zoezi hili ni moja: "Soma fulana yake." Ukiweza kusoma maandishi ya fulana ya mwenzako wakati umeshuka, umeshuka vizuri.

Hili lina uzito zaidi kwa wale wanaokaribia miaka 19. Tangu 2013 wanaume wa daraja la juu hawavai kofia ya kinga. Kijana aliyezoea kutanguliza kichwa chenye sponji ataliona tofauti siku ya kwanza.

Februari, kabla ya mwezi kuandama

Leo tumebishana na Maalim hadi adhana ya magharibi ikatukatiza.

Maalim amejifunza kufundisha wakati wa mashine. Baada ya aibu ya uamuzi wa Seoul 1988, Roy Jones wa Marekani alipopokonywa pambano ambalo ulimwengu mzima uliona ameshinda, ndondi za ridhaa zikahamia kwenye vibonye, kuanzia Olimpiki ya Barcelona 1992. Kwa miaka mingi ya mfumo huo ngumi ilihesabiwa tu ikiwa majaji watatu kati ya watano wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Ndondi ikageuka kuwa ya kugusa na kuondoka. Unatupa jebu, ngumi ya mkono wa mbele, moja safi inayoonekana na kila jaji, unatoka, na ukishaongoza kwa pointi chache unaondoka tu mpaka kengele. Maalim aliwapeleka vijana kwenye mashindano ya taifa kwa mtindo huo na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo siwezi kuubeza.

Lakini mashine haipo tena. Tangu 2013 jaji anatoa 10 kwa mshindi wa raundi na 9, 8 au hata 7 kwa aliyeshindwa. Anaangalia wingi wa ngumi safi kwenye eneo halali, ni nani anayetawala pambano kwa ufundi na mbinu, na ni nani anayeshindana kweli. Chenga tupu haina sanduku lake katika hesabu hiyo. Ukikwepa ngumi tano na hukupiga hata moja, hujapata kitu. Ukikwepa moja ukapiga mbili, jaji ameona ngumi na ameona ufundi.

Hoja ya Maalim: "Kwa hiyo sasa mwataka wasimame wapigwe?"

Hoja yangu ni kwamba kanuni za makosa na kanuni za pointi zinaelekea upande mmoja, nazo zinapaswa kufundishwa pamoja. Tazama orodha ile ya Januari. Kumpa mgongo, kujifunika tu, kukumbatia, kujiangusha: yote hayo ni namna za kujihami ambazo mtu akiwa ndani yake hawezi kupiga. Kurudi nyuma si kosa. Kuzunguka si kosa. Mikono kuwa chini si kosa, ni ujeuri tu. Kosa linaanza pale unapoacha kuwa bondia na kuwa mtu anayengoja kengele. Basi kila zoezi la kujihami liishe kwa ngumi, na kama umbo fulani la kujihami halikuachii nafasi ya kupiga, hilo tulifute hata kama refa hajaliona.

Maalim akanijibu kwa Philip Waruinge. Olimpiki ya Mexico 1968 alipata shaba tu, lakini kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora wa michezo yote, likamwendea yeye. Miaka minne baadaye, Munich, akapata fedha. "Yule," akasema Maalim, "ulimwona akikimbia?" Sikumwona, sikuwa nimezaliwa, na Maalim mwenyewe alikuwa mtoto. Vijana wetu wote wanamjua Robert Wangila kwa dhahabu ya 1988 na ile nokauti ya fainali, na wachache sana wamewahi kusikia kwamba Mkenya aliwahi kutajwa kuwa mwenye ufundi kuliko wote. Tumekubaliana, kila mmoja akidhani ameshinda yeye.

Ramadhani

Mazoezi yamehamia baada ya tarawehe. Wanaofunga hawapigani sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, kwa nguvu, ila kazi ya miguu na dirisha kwa mwendo wa taratibu. Joto la kaskazi halipungui hata saa nne usiku. Mfungo umeufaa mradi: mtu asiye na nguvu za kupoteza hujifunza haraka kwamba hatua moja ya pembeni ni rahisi kuliko hatua tatu za nyuma. Mazoezi yanakoma mapema ili watu wawahi kulala kabla ya daku. Hakuna zaidi.

Machi, baada ya Idi

Mama wa kijana wetu mmoja alikuja kumchukua mwanawe akakuta tuko kwenye zoezi la kuzunguka. Akasimama mlangoni na buibui lake, akatazama raundi nzima.

"Mwalimu, mwanangu mbona wamfunza kukimbia? Mwenzake yuwaja, yeye yuwaenda."

Nikamwambia, "Mama, tazama nyayo zake, usitazame wapi anakwenda." Kijana alikuwa anarudi, kweli, lakini mguu wa mbele ulikuwa unamwelekea mpinzani na kila hatua mbili alikuwa anatupa jebu. Nikamwomba afanye vile alivyofanya Disemba. Akageuza bega, miguu ikapishana, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi matatu. Mama akacheka. "Haya, hiyo ndiyo mbio."

Swali lake limetupa zoezi. Tumeligawa katika masharti ambayo anayejihami lazima ayatimize wakati wote anapoondoka: macho kwa mpinzani, miguu isipishane, na ngumi moja itoke kabla hajamaliza robo ya mraba. Likikosekana hata moja, kofi linapigwa na wanaanza upya. Nimegundua kwamba la miguu ndilo mzazi wa mengine. Miguu ikipishana mwili unageuka, mwili ukigeuka mgongo unaonekana, mgongo ukionekana refa anainua mkono.

Wale wanaoiga mabondia wa kulipwa kwenye simu wana tatizo lao. Wanaupenda ule mtindo wa Mayweather wa kukinga kwa bega na kuinamia nyuma. Wenyewe si haramu. Lakini kijana anayeuiga nusunusu hugeuka zaidi ya alivyokusudia, ngumi inatua mgongoni, kisha anaukandamiza mkono wa mbele shingoni mwa mwenzake ili amsukume. Kwa kulipwa huenda ikapita. Kwetu ni tahadhari, na ya pili haichelewi. Nimewakataza mpaka wapite dirishani bila kugusa ugwe, na wamenuna.

Aprili, mwanzo

Kukumbatia na amri ya breki.

Refa ana maneno matatu: stopu, boksi, breki. Akisema breki, kila bondia lazima apige hatua moja nyuma ndipo aendelee. Kupiga kabla ya hatua hiyo ni kosa, na kukataa kurudi ni kosa. Vijana wetu wanalijua. Wasichokijua ni kwamba hatua hiyo ni sehemu ya kujihami, na wengi wanaipiga mikono ikiwa mapajani kwa kuchoka, halafu wanashangaa kupigwa mara tu hatua inapokwisha. Sasa tunaifundisha kama ngumi: mikono juu, kidevu chini, nyuma hatua moja, na papo hapo nusu hatua pembeni.

Ili kuwe na refa wa kumtii, kila kijana anachezesha raundi moja kwa siku. Hapa pamekuwa na maajabu. Hakuna aliyetaka. Refa wa mazoezi hapendwi na mtu, na wa kwanza aliitwa majina nisiyoweza kuyaandika. Lakini aliyekuwa anakumbatia Disemba, alipopewa kazi hiyo, aliwatahadharisha wenzake kwa kukumbatia kuliko refa yeyote, na yeye mwenyewe tangu hapo ameacha kwa kiasi kikubwa. Anasema ukiwa katikati yao unaona wazi nani ameanza kushika, kwa sababu kiwiko chake kinafunguka kwanza. Hilo sikulijua mimi.

Kujifunika mikono miwili kumebaki kugumu. Si kosa kwa yenyewe. Ni kosa kukiwa hakuna kingine. Na kuna adhabu inayotangulia onyo la refa: bondia aliyejifunika kambani akipokea ngumi nzito mfululizo bila kujibu, refa anaweza kusimamisha na kumhesabia mpaka nane akiwa wima. Tunawapa ngumi mbili za kupokea kwenye kinga. Ya tatu wawe wameshajibu au wameshatoka.

Aprili, katikati

Klabu moja ya ng'ambo, Likoni, imevuka na feri kuja kupigana nasi sparingi ya wazi. Tumemwomba refa mstaafu anayekaa Tudor aje achezeshe, naye akaja na viatu vyake vyeupe na tai nyeusi kana kwamba ni fainali. Tulimwandalia chai na mahamri, akasema atakula baada ya kazi.

Mapambano yalikuwa mazuri. Mrefu wetu alipewa tahadhari kwa mkono wa mbele alionyoosha na kuusahau hewani. Mmoja wa wadogo aliteleza akajiangusha, refa akamtazama kwa muda kabla ya kuamua kwamba ni kuteleza kweli. Mfupi wa Kongowea alipambana na kijana wa Likoni aliyempita kichwa kizima, na hakuitwa hata mara moja. Alishuka, akatoka kulia, akapiga mbavuni, akatoka tena. Alipoteza raundi ya tatu kwa kuchoka. Kwangu mimi hilo ni tatizo la kukimbia asubuhi, halihusu mradi huu.

Baadaye nikamfuata.

"Ami, shikamoo. Umewaonaje?"

"Marahaba. Mwaka jana wenu walikuwa wakijificha. Sasa wajihami." Akachukua hamri. "Lakini yule mashoto wako, mwambie asitazame refa anapokumbatia. Akinitazama najua anajua."

Alipoulizwa na vijana anaangalia nini hasa, akasema ni miguu. Mikono, akasema, iko miwili kila upande na inakwenda kasi kuliko macho yake ya uzeeni, lakini mguu hauwezi kudanganya ulipo. Maalim alinitazama kwa uso wa mtu aliyewahi kusema hayo.

Aprili, mwishoni

Mvua za masika zimeanza, na rangi ya mraba wa ndani imefutika karibu na mlango ambako maji yanaingia. Itarudiwa. Mradi unaendelea hadi Juni, kwa sababu kuna mambo mawili ambayo hayajakaa sawa. Mkono wa mbele ulionyooshwa ndio wa kwanza: hatuna zoezi zuri la kuuondoa, ila kuwaambia, na kuambiwa hakutoshi. Nafikiria anayeshika pedi aupige mkono huo kila unapobaki hewani baada ya jebu. La pili ni wasichana, ambao wameanza kuja Jumamosi na hawajapita dirishani kabisa. Wao watavaa kofia ya kinga, na sitaki wajifunze kuitegemea.

Jumamosi ijayo tunapima kimo cha mshipi wa kila bondia, wavulana kwa wasichana, na kukiandika ukutani mbele ya jina lake, ili anayefunga ugwe wa chini asiwe anakisia.